Chokaa ya Gerwin

Alama ya maji haipakwi chokaa. Leo mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi rangi, nanyi mkacheka. Basi kaeni niwaeleze, maana methali hii ilianza hivi.

Katika mji mkongwe wa Lindenfurt, Ujerumani, kando ya mto Main, aliishi mtunza kanisa aliyeitwa Gerwin. Kwenye ukuta wa ngazi ya mnara, wazee walikuwa wamechonga mistari kuonyesha kila mafuriko yalipofika. Mto ulipojaa, vijana walilibeba sanduku la vitabu vya ubatizo na kuliweka vipandio viwili juu ya mstari wa juu kabisa. Sanduku lilikuwa zito mno, kwa hiyo hakuna aliyelipandisha zaidi ya hapo.

Mwaka mmoja askofu akatangaza ziara. Gerwin, aliyependa usafi kupita kiasi, akaupaka ukuta ule chokaa, mistari yote ikapotea.

"Mume wangu, hiyo si takataka," mkewe Ottilie alimwambia. "Ni maneno ya wazee."

"Wazee hawakaguliwi na askofu. Mimi ndiye nitakayekaguliwa."

Askofu alisifu weupe wa ukuta, na Gerwin akavimba kichwa wiki nzima.

Theluji ilipoyeyuka, mto ukapanda. Vijana wakalibeba sanduku, wakasimama ngazini wakihema.

"Mzee Gerwin, mstari wa juu ulikuwa wapi?"

Hakukumbuka. Angesema hajui, wangelipandisha mpaka kwenye kengele. Lakini aliona haya.

"Kipandio cha tisa," akasema. "Liwekeni cha kumi na moja."

Wakaliweka, wakakimbilia kuokoa nyumba zao. Maji yakafika kipandio cha kumi na tatu.

Yalipopungua, Ottilie akafunua kurasa zilizolowa, moja moja. Alitafuta jina moja tu, la Hedwig, binti yao aliyeishi siku tisa. Halikuwa limeandikwa popote pengine. Wino wote ulikuwa umeondoka na maji.

"Liko wapi, Gerwin?"

Gerwin alichukua patasi, akakwangua chokaa yake mpaka mstari wa juu ukatokea. Ulikuwa kwenye kipandio cha kumi na mbili. Akaketi ngazini akalia, kwa majuto yasiyorudisha kitu.

Kisha akachonga mstari mpya, na juu yake jina la Hedwig. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa, kila fundi aliyefika na ndoo yake alimkuta mzee amesimama mbele ya ukuta, akimwambia kwa upole: alama ya maji haipakwi chokaa.