Kinyonga wa Miguu Mitatu

Hapo zamani, usiku mmoja wa masika, msitu wa milima ya Usambara ulitoa sauti moja: kraaa! Kisha kimya. Mti wa mkulo ulikuwa umeanguka, na chini yake kulikuwa na kopo.

Kopo lile lilifichwa na mama mmoja mchonga mihuri. Alichonga mihuri kwa soli za kandambili kuukuu, akaificha ndani ya makopo saba kando ya njia ya msituni, kila kopo na daftari lake. Mtafutaji alipewa fumbo. Akilipata kopo, aligonga muhuri wake katika daftari la kopo, akagonga muhuri wa kopo katika daftari lake, akaandika tarehe, akafunika, akarudisha, akaenda zake. Jina halikuandikwa. Kitu hakikutolewa msituni. Sheria ilikuwa hiyo.

Mama huyo alikuwa na mwana mmoja, aliyeondoka kwa ugomvi miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lake, na aliyemwita kwa jina la mwanawe hakuitikiwa. Watu wakamwita Mama Makopo. Akaitika.

Makopo sita yalipatikana. La saba halikupatikana. Fumbo lake lilisema: "Anzia unapovua viatu. Hatua sabini, maji yakiwa sikio la kushoto." Watu walianzia mlango wa msikiti, wakaishia kwenye kabichi za wenyewe, wakafukuzwa.

Macho yake yalipoanza kufifia, Mama Makopo alitangaza: "Atakayeniletea habari za kopo la saba, kisu changu cha kuchongea ni chake. Na njia ni yake."

Zuhena, fundi cherehani, alilitafuta masika manne. Siku moja alivua viatu avuke kijito, akasimama mguu mmoja majini, akacheka peke yake. Akahesabu sabini. Akaukuta mkulo umelala.

Mkufya, mfuga nyuki, alimsikia Zuhena akiita. Akakata gogo kwa shoka siku mbili, viganja vikachubuka, akalitoa kopo limebonyea.

Daftari lilikuwa limelowa, kurasa zimegandana. Zuhena akasema, "Turudishe. Ndiyo sheria." Mkufya akasema, "Turudishe."

Rajua, mke wa Mkufya, alikuwa amewaletea makande. Walipogeuka, akalifunga daftari ndani ya kanga. Akalikausha juu ya dari ya jiko siku tisa, akitenganisha kurasa kwa unyoya wa kuku. Ukurasa wa kwanza ukafunguka. Palikuwa na muhuri mmoja tu, kinyonga wa miguu mitatu, na tarehe ya mwezi uliotangulia mvua iliyouangusha mkulo.

Rajua akawaonyesha wenzake, wakaenda wote watatu kwa Mama Makopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kelele zenu nimezisikia tangu bondeni. Haya, semeni."

"Mimi ndiye niliyefumbua fumbo," alisema Zuhena. "Miaka minne, mama. Bila mimi wangekuwa bado wanakanyaga kabichi."

"Wewe dada ulinyoosha kidole," alisema Mkufya. "Ungekaa juu ya gogo lile ukihesabu hatua mpaka leo. Mgongo ulioinama ni huu."

"Na mlitaka kulirudisha likaoze," alisema Rajua.

"Wewe umeiba!" alisema Zuhena.

"Nimeiba. Bila wizi wangu, mngemletea mama habari gani? Za gogo?"

Mama Makopo akaweka kisu mkekani. Akalishika daftari, akalisogeza mpaka likakaribia kugusa pua.

"Kijitoni pale ndipo nilipokuwa nikimvua mwanangu viatu," alisema. "Fumbo lile nilimtungia yeye. Na kinyonga huyu nilimchongea yeye, alipokuwa na miaka sita. Mguu wa nne kisu kiliteleza. Nikataka kuutupa muhuri, akanikatalia."

Akaweka kidole pale mguu wa nne ulipokosekana. Rajua akataka kusema neno, Mkufya akamgusa bega.

"Mama Makopo," aliita Zuhena taratibu, "na kisu?"

Hakuitika.

"Mama Makopo?"

"Msiniite hivyo tena," alisema. "Mimi ni Mama Shebughe."

Kisu kimebaki mkekani, nanyi mmesikia yote. Je, nani alistahili kukiokota: aliyejua mahali, aliyekata gogo, au aliyevunja sheria?