Matone Sitini Mtaroni

Wapendwa, najua kuna watu hapa wameacha kuku jikoni na mawazo yao yote yako huko. Na wewe mama wa benchi la nyuma, acha kuangalia saa, kuku wako haungui. Kwanza nisikilizeni habari za kuku wengine.

Mstaafu mmoja alikuwa akifuga pembezoni mwa mji, kule ambako banda la kuku na dirisha la jirani vinapumuliana. Alikuwa na kuku wakubwa arobaini. Ukuta kwa ukuta naye aliishi mjane mwenye kuku tisa. Mayai ya hao tisa ndiyo yaliyokuwa chai yake, sabuni yake na dawa yake ya presha.

Ukaja msimu wa kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Wafugaji mnaijua chanjo yake: tone moja jichoni kwa kila kuku, na chupa ikishafunguliwa haikai. Chupa ya yule mzee ilikuwa ya kuku mia. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli naiweza: yanabaki matone sitini.

Mjane akachungulia ukutani. "Jirani, hujambo? Naona unawachanja. Nisaidie na hawa wangu, matone tisa tu."

"Mwezi jana ni nani aliyenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, eti banda langu linanuka?"

"Si lilikuwa linanuka, baba?"

"Haya. Basi na hii dawa inanuka." Akaimimina yote mtaroni, mama akimwangalia.

Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana mbele hakuna kicheko.

Kuku wakubwa wakapona. Mzee akaona mambo yamenyooka, akachukua kiinua mgongo chake chote, jasho la miaka thelathini na moja, akaleta vifaranga mia nne. Chanjo yao ilikuwa ya wiki inayofuata. Kila alfajiri alivaa mabuti yake akaenda kuwalisha. Na kwa kuwa banda la vifaranga alilijenga kiwanja cha nyuma, ng'ambo ya ua wa jirani, alikatiza uani kwa nani? Kwa yule yule mjane! Tone hatoi, lakini uwanja wa mwenzake anaukanyaga kila siku bila hata kusema samahani.

Jumanne jioni ikasikika hodi. Mzee akachungulia pembeni ya pazia, akamwona mjane, akamnong'oneza mkewe: "Huyo kaja kuomba tena. Mwambie sipo."

Mke akaenda mlangoni. "Hayupo, mama. Ametoka."

Na huko ndani, mzee akakohoa.

Mjane akakisikia kikohozi. Akatazama kandambili za mzee pale kizingitini. "Haya, mwanangu. Akirudi, msalimie." Akaondoka.

Ijumaa vifaranga wakaanza kupinda shingo. Jumapili mia nne wote walikuwa wamejaa kwenye viroba. Mzee akavuka mpaka kwa mjane akipiga kelele: "Kuku wako wameniua! Wako wapi?"

"Nimewazika, baba. Watano Jumatatu, wanne Jumanne. Nilikuja kwako Jumanne ile ile kukuambia usikatize tena hapa kwangu, utabeba ugonjwa kwenye mabuti. Nikaambiwa hupo."

Ndugu zangu, mzee akainama kuangalia miguu yake. Hakuna mtu aliyemletea kifo. Alijibebea mwenyewe, asubuhi tatu mfululizo baada ya hodi ile, mpaka katikati ya vifaranga wake. Na mama wa watu, ambaye sasa hana yai la chai wala la dawa, ndiye pekee aliyejaribu kumzuia.

Sisi je? Tunaomwaga badala ya kumpa aliyetukera? Ni wangapi tumewaambia watoto wetu "sema baba hayupo", kwa sababu tumemwona mtu wa shida mlangoni, tukaamua wenyewe alichokuja nacho? Mtu tuliyemnyima anaweza kuja na mikono mitupu, na bado akawa amekuja kutuokoa.

Naogopa kitu kimoja, wapendwa, na hapa sifanyi utani. Naogopa siku ile tutakapofika sisi kwenye ule mlango wa mwisho, tupige hodi, tusikie kabisa ndani kuna Mwenyewe, mpaka pumzi yake tuisikie. Halafu sauti itujibu:

"Hayupo."