Mwenye Msitu Alipokuwa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kuamkiana kila asubuhi kama sisi, palikuwa na pimbi mmoja jina lake Siwema. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, kama sungura hivi, ila hana mkia na masikio yake ni mafupi. Makao yake ni nyufa za majabali. Siwema alikuwa na mguu mmoja mbovu, na nyumba yake ilikuwa ufa mwembamba uliotosha kitanda cha nyasi na chungu kimoja, basi.

Msitu ule ulikuwa na mwenyewe. Yeye ndiye aliyeotesha miti yote na kuwaweka wanyama wote humo. Walimwita Mwenye Msitu. Hakuna aliyewahi kumwona, ila sauti yake waliisikia, kwa maana kila kiangazi alikuja kuwajulia hali.

Lo! Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jabali likitikisika tu, nguruuum! nguruuum!, wadogo wote mbio. Panya huyoo! Kindi huyoo! Pimbi nao wanasukumana mlangoni, "Nipishe! Nipishe!" mpaka wote wamejibana ufani kama dagaa kwenye kikapu.

Kiangazi kimoja Siwema alichelewa kukimbia kwa sababu ya mguu wake. Akajilaza kifudifudi, akaziba masikio. Lakini maneno yakapenya hivyo hivyo.

"Mu wazima, wanangu?"

Basi. Hakusema lingine.

Siwema akawaendea wenzake. "Jamani, kumbe anatusalimu tu!"

"Salamu!" Wakamcheka. "Salamu gani hiyo inayoangusha chungu mekoni?"

"Lakini ni salamu," akasema Siwema, "na hakuna aliyeitikia." Jambo hilo likamkaa moyoni siku nyingi, likawa linamuuma.

Sasa sikilizeni. Katikati ya msitu kulikuwa na chemchemi, maji baridi, matamu. Mwenye Msitu aliwakabidhi Chui na Fisi waitunze. Hao wawili walipoona wadogo wanamwogopa mwenyewe, wakafurahi. Wakazungusha boma la miiba. Ukija na kibuyu chako unasikia, "Weee! Rudi! Mwenye Msitu hapendi vidudu kwake. Akikuona atakukanyaga, pya!" Wadogo wakarudi vichwa chini, wakanywa matope ya kwenye nyayo za nyati.

Asubuhi moja Siwema akiwa anafagia, ndege mdogo, kurumbiza, akatua mlangoni.

"Hodi, Siwema!"

"Karibu, mwanangu."

"Nimetumwa na Mwenye Msitu. Anaomba nafasi nyumbani kwako."

Ufagio ukamponyoka. "Kwangu? Humu? Ataingiza nini, ukucha mmoja?"

"Hataki kuja na ukubwa wake. Anaomba azaliwe kwako. Awe pimbi."

"Pimbi kabisa?"

"Pimbi kabisa, na masharubu yake."

Siwema akakaa chini. "Atakula nini?"

"Majani mnayokula nyinyi."

"Akichafuka, nimwoshe mimi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye utakuwa mama."

Siwema akacheka. Halafu akajikuta analia. Halafu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Kamwambie aje. Kitanda ni kidogo, lakini tutabanana."

Akazaliwa. Siwema akampa jina Yunasi, maana alijisemea, huyu hayuko mbali tena, yu nasi. Majirani walipokuja kumpongeza wakaona kitoto cha pimbi tu, kimefumba macho, kinatafuta ziwa. Siwema hakuwaambia kitu. Nani angemwamini?

Mtoto akakua. Akaanguka jabalini, puu! Akalia. Akapata viroboto. Akagombana na watoto wa Bi Panya, jirani yao, wakapatana kabla chakula hakijaiva. Siku nyingine Siwema alisahau kabisa ni nani huyu anayemwita mwanangu. Siku nyingine alimtazama amelala, mdomo wazi, udenda unamtoka, akawaza: Ndiye aliyesimamisha mlima? Akamfunika vizuri asipate baridi.

Kikaja kiangazi kikali. Nyayo za nyati zikakauka. Kitindamimba wa Bi Panya akawa hawezi hata kuinua kichwa, ulimi umekuwa kama ganda la mti. Yunasi wakati huo alikuwa kijana. Akamwangalia mtoto yule, kisha akaja kwa mama yake.

"Mama, nakwenda chemchemini."

"Peke yako? Chui atakuua!"

"Anaweza. Shingo yangu nyembamba kama yako."

Siwema akamshika mkono. "Basi nguruma, mwanangu. Ile sauti yako ya zamani. Mara moja tu, wale wakimbie."

"Watakimbia, mama. Na Bi Panya atakimbia, na watoto wake watakimbia na kiu yao. Nimechoka kukimbiwa." Akatabasamu. "Waite majirani. Waje na vibuyu, wakae nyuma ya kichaka. Nikiwapungia, waje."

Siwema akafanya hivyo, roho mkononi. Wakajificha, hata kupumua wanaogopa. Yunasi akaenda hadi kwenye boma, tik, tik, tik.

"Hodi, wenyewe!"

"Nani?" Chui akanguruma.

"Yunasi, mtoto wa Siwema. Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, potea!"

"Nitapotea, ila nina habari. Mwenye Msitu anafika hapa leo."

Fisi akaangua kicheko. "Kwe kwe kwe! Umejuaje wewe, usiye hata na mkia?"

"Siku aliyowakabidhi chemchemi aliwaambia neno moja. Hapakuwa na mtu mwingine, yeye na nyinyi wawili tu. Alisema: 'Wanywe wote, na mdogo atangulie.'"

Fisi akakatiza kicheko. Akamgeukia Chui, akanong'ona, "Ulimwambia mtu?"

"Mimi? Si wewe mwenye domo pana!"

"Nawauliza tu, wazee," Yunasi akasema kwa adabu. "Akifika akakuta boma hili, mtamwambia nini?"

Chui akaikimbilia miiba.

"Ng'oa!" Chui akafoka.

Basi wakaanza kung'oa miiba kwa meno. Kra! Kra! "Aaai, ulimi wangu!" "Nyamaza, vuta!" Fisi akafagia njia kwa mkia wake mwenyewe. Nyuma ya kichaka Bi Panya alijiziba mdomo kwa mikono miwili, kicheko kisimtoke.

"Anakuja kwa njia ipi?" Chui akauliza, anahema.

"Kwa hii ya wadogo, niliyopita mimi."

"Mama yangu! Hatazamiki yule! Fisi, lala chini!"

Wakajitupa kifudifudi, macho wameyafumba kabisa. Yunasi akapunga mkono.

Wakatoka. Panya, Kindi, pimbi wote, wakapita katikati ya wale wakubwa wawili, wananyata. Tik tik tik. Tik tik tik.

"Ndiye?" Fisi akanong'ona. "Mbona hatua zake ndogo?"

"Wageni wake wanatangulia," Yunasi akajibu.

Wakanywa. Chap chap chap! Bi Panya akamdondoshea mwanawe maji mdomoni, tone, tone, mpaka mtoto akafungua macho akasema, "Zaidi."

Neno hilo likamfikia Chui. Akafungua jicho moja. Akaona mikia, vibuyu, na tumbo la Kindi limevimba kwa maji.

"Umetudanganya!" Akaruka juu. "Mwenye Msitu yuko wapi?"

"Sijawadanganya neno. Nilisema anafika leo, amefika. Nilisema atapita njia ya wadogo, amepita."

Chui akaangalia nyuma, akaangalia kando. Hakuona mtu. Hasira zikampanda, akainua mkono, pa! Yunasi akabiringika hadi kwenye jiwe. Siwema akasahau mguu wake mbovu, akakimbia, "Mwanangu! Mwanangu!"

Yunasi akainuka taratibu. Mkono wake mmoja ulikuwa unachuruzika damu. Akamwendea Chui, wala hakumkimbia.

"Chui," akamwita kwa upole. "Madoa yako nilikupaka mwenyewe, moja moja. Lile la nyuma ya sikio la kushoto nililisahau, nikarudi nikaliweka jioni. Ndiyo maana limepinda kidogo."

Doa lile, wanangu, lilikuwa limefichwa na manyoya. Mama yake Chui tu ndiye aliyelijua, na alikwisha kufa zamani.

Chui akajilaza chini. Akajikunja, akangojea ngurumo impasue. Haikuja. Ilikuwa sauti ya pimbi tu, nyembamba, na hakuna aliyeikimbia. Wadogo wakasogea karibu. Yule mtoto wa Bi Panya, maji bado yanamtiririka kidevuni, akamgusa Yunasi.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mbona uko kama sisi?"

"Nilitaka kukaa nanyi."

Fisi alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo, anatafuta pa kutorokea. Yunasi akamwona. "Usiende, mzee. Na nyinyi mna kiu. Wadogo wakimaliza, zamu yenu." Wakubwa wale wawili wakasimama mwisho wa mstari, nyuma ya Kindi, na zamu yao ilipofika wakainama wakanywa bila kutazamana.

Siwema akamketisha mwanawe ukingoni. Akamwosha mkono kwa maji baridi.

"Unaumwa?"

"Naumwa, mama." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Niliwaona wengi wakiumwa. Sikujua kuwa iko hivi."

"Basi lia, baba. Lia, hakuna anayekucheka."

Mwenye Msitu akalaza kichwa mapajani pa mama yake, akalia. Siwema akachana ncha ya kanga, akamfunga kidonda, na aliendelea kumpapasa masikio mpaka usingizi ukamchukua.

Yangu yanakomea hapo, wanangu, na fundisho lake ni hili: aliye mkubwa kweli haoni haya kuwa mdogo kwa ajili ya wale anaowapenda.