Kipimajoto Ndani ya Chupa

Anayekiona kitanda akiwa mlangoni husifu shuka. Anayekilalia ndiye anayejikuna. Mtaalamu mmoja wa vifaa vya mtandao alilijua hilo baada ya kuharibu chanjo za watoto.

Nyumbani walimwita Kiherehere, maana hakutulia, kama kuku anayetaka kutaga. Alikuwa amesoma tafiti zote mpya za kuvifanya vifaa vipeane habari, vielewe maana yake, kisha viamue vyenyewe. Mama yake mdogo, muuguzi wa zahanati, alimruhusu kuujaribu mfumo wake kwenye friji ya chanjo. Wahadhiri wake wa chuo wangekuja kuutazama Jumatano.

"Kipimajoto cha mlangoni mwa friji kinafanya kazi," alisema Jumatatu, akizunguka chumba. "Ila hiki kipimajoto cha ndani ya chupa ya maji ni kizito kama jongoo. Mfumo umekiona kibovu, umeacha kukisikiliza."

"Umeniuliza kwa nini kiko majini?"

"Mama mdogo, mfumo unajua kufikiri."

"Haya. Na wewe je?"

Kiherehere alicheka, akaendelea kubonyeza simu yake.

Siku mbili mlango wa friji ulifunguliwa na kufungwa. Kila ulipofunguliwa, kipimajoto cha mlangoni kilipigwa na hewa ya joto. Mfumo ukadhani chanjo zinapata joto, ukaongeza baridi. Jumatano asubuhi muuguzi alitoa kichupa, akakitazama, akatoa kingine. Vyote vilikuwa barafu.

"Chanjo hizi zikiganda zimekufa," alisema. "Maji ya chupani hubadilika polepole kama dawa yenyewe, hayashtuki mlango ukifunguliwa. Ndiyo maana tulikitumbukiza kipimajoto humo. Sasa nje kuna watoto thelathini. Nenda kawaambie mama zao."

"Mimi?"

"Mfumo wako una mdomo?"

Alitoka. Mama mmoja aliyebeba mapacha alimuuliza, "Nimetembea tangu alfajiri. Nirudi lini?" Kiherehere alirudi ndani kumuuliza muuguzi.

Wahadhiri walipofika, walimkuta kwenye kigoda kando ya friji, ametulia kwa mara ya kwanza, daftari magotini.

"Na hizi chupa za maji za chini, Mama mdogo?"

"Umeme ukikatika, hutunza baridi. Andika."

Akaandika. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.