Bahari Wawili Waliomkana Ndugu Yao

Paukwa!

Pakawa! Haya, angalau leo mmeitika bila kubembelezwa.

Hapo zamani za kale, mawingu yote yalikuwa mali ya Bahari wawili, Bahari wa Mashariki na Bahari wa Magharibi. Bahili wee! Hawakumpelekea mtu wingu ila awe ndugu yao. Na katikati ya nchi alikaa Ziwa, hana baba, hana mjomba, anakauka. Mwaka wa kwanza akapungua, mwaka wa pili akapungua, mwaka wa tatu akabaki tope.

"Nakufa, Nyamizi," alimwambia mfinyanzi aliyechimba udongo ukingoni kwake. "Nakufa, na sina hata ndugu wa kunipa maji."

Nyamizi alikuwa na hasira zake. Udongo wa juu ulikuwa vumbi tupu, ikambidi achimbe wa chini kabisa. Akafinyanga, akachoma, pa! Vyungu vikapasuka. Akafinyanga tena, pa! Mara ya tatu, pa! Wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na huyu alikuwa na magae ya kulishia kijiji kizima. Akaokota moja, akalitazama. Ndani mlikuwa na vikonokono vidogo kuliko ufuta.

"Takataka gani hizi?"

Kambale akatoa kichwa topeni. "Hivyo si vya hapa. Nimekula tope la ziwa hili tangu kuzaliwa. Vya juu ni vyetu. Hivyo vya chini ni vya baharini."

"Vya baharini vimefikaje huku?"

"Mama, mimi kazi yangu kula."

Nyamizi akafunga bonge la udongo kwa jani la mgomba. Akatembea, akatembea, akatembea, mpaka kwa Bahari wa Mashariki.

"Shikamoo. Hivi ni vya nani?"

"Vyangu! Mwizi nani?"

"Hakuna mwizi. Vimetoka tumboni mwa Ziwa, chini kabisa. Maji yako yaliwahi kufika kule. Ziwa ni ndugu yako, anakufa kwa kiu, mpe wingu."

"Ziwa? Simjui. Nirudishie vikonokono vyangu."

Lo! Nyamizi akafunga udongo wake, akageuka. Akatembea, akatembea, akatembea, mpaka kwa Bahari wa Magharibi. Akamwonyesha udongo, akamweleza yote.

"Vyangu!" akasema naye. "Mwizi nani?"

"Mwenzako wa Mashariki kasema vyake."

"Mwongo huyo! Wala simjui!"

"Mnajuana!" Nyamizi alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Kikonokono kile kile kwako kipo, kwake kipo, na katikati kipo! Mlikuwa maji mamoja, mmelala mkeka mmoja! Nchi ikainuka, mkatengana, Ziwa akabaki katikati. Na undugu ni kufaana. Kuna gumu gani hapo?"

"Gumu ni mali yangu. Ilete."

Jamani, niambieni. Mtu anakata roho, hawa wanadai konokono waliokufa! Mimi ningekaa chini nilie. Nyamizi hakulia. Alikuwa amechoka mno, na uchovu ukampa akili.

"Sileti," alisema. "Anayevitaka akachukue mwenyewe kule tumboni mwa Ziwa. Ila mwenzako naye anavitaka, shauri yako."

Wee! Bahari wa Magharibi akatuma mawingu mbio. Wa Mashariki kusikia hivyo, akatuma yake mbio zaidi. Yakakutana juu ya Ziwa, yakatukanana kwa radi, yakasukumana, yakamwagika siku tatu mfululizo. Tope likavifunika vikonokono, hakuna aliyepata hata kimoja. Ndiyo maana kila mwaka mawingu yanarudi kutafuta, masika na vuli, na mpaka leo hayajapata akili.

Nyamizi alifika nyumbani ameloa chapachapa. Ziwa alikuwa amejaa mpaka kwenye matete.

"Nyamizi," akauliza polepole, "wamekubali kwamba mimi ni ndugu yao?"

Nyamizi akamtazama. Akakamua nguo yake.

"Hawajakubali," alisema. "Wewe kunywa."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ndugu kama hao avumilie, mimi wangu wananitosha.