Nguchiro Aliyewachimbisha Ndovu na Punda

Paukwa, mlio karibu.
— Pakawa, tupo karibu.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, mawili mawili.
Na hasira je, mnazo?
— Tunazo za kutosha.
Basi zishikeni vizuri, maana leo tutazihitaji.

Hapo kale, katika nchi moja ya mbali, ng'ambo ya maji makubwa, wanyama walikuwa na desturi ya kuchagua mkubwa wao kila kiangazi cha nne. Na kila kiangazi cha nne walijikuta na majina yale yale mawili, Ndovu au Punda. Mara hii Ndovu, mara ile Punda, kisha Ndovu tena. Waliomtaka Ndovu walivaa jani jekundu sikioni. Waliomtaka Punda walivaa ua la buluu. Swala wa jani hakumsalimu swala wa ua, hata kama wamezaliwa tumbo moja.

Bwawa lao lilikuwa moja tu. Lilizuiwa na tuta la udongo, na wote, wa jani na wa ua, walikunywa hapo. Sasa mwaka huo tuta likapasuka. Ufa ulianza mdogo, wa kupitisha mkia wa panya, kisha ukapanuka, na maji yakawa yanatoka mchana kutwa, chururu, chururu, yakipotelea mchangani.

Wakati huo Ndovu ndiye aliyekalia kiti. Akaitisha baraza kando ya ufa, akawaambia wanyama kwamba tuta lile lilijengwa vibaya enzi za Punda. Punda akasimama akasema tuta lilikuwa zima kabisa mpaka Ndovu alipoanza kupitisha tumbo lake juu yake. Ndovu akasema ni Punda. Punda akasema ni Ndovu. Wa jani wakapiga makofi, wa ua wakazomea. Kesho yake wa ua wakapiga makofi, wa jani wakazomea. Na maji yakazidi kwenda, chururu, chururu.

Katika umati ule alikuwamo nguchiro mmoja, mama wa watoto wanne, jina lake Kalunde. Hakuvaa jani wala ua. Alikuwa mdogo wa mwili na mfupi wa subira, na akikasirika manyoya ya mkia wake yalisimama yote, kuanzia nchani mpaka kiunoni. Siku ya kwanza ya baraza alisikiliza. Siku ya pili alisikiliza. Siku ya tatu mkia ukaanza kusimama.

Akaondoka barazani, akawachukua wanawe, wakaanza kubeba udongo kwa midomo na kuutia kwenye ufa, kidogo kidogo. Hawajafika mbali akaja nyati wa jani jekundu, akaufagia udongo wote kwa kwato. Alimwambia kwamba anaficha kosa la Punda. Kalunde akaanza upya. Akaja pundamilia wa ua la buluu, naye akaufagia, akasema anafunika kosa la Ndovu. Mwisho Ndovu mwenyewe akageuza kichwa chake kikubwa.

"Usiguse hapo," alisema. "Huo ni ushahidi."

Na Punda, safari hii, hakupinga.

Basi ushahidi ukaachwa wazi, na maji yakapita ndani yake. Mwezi ulipokwisha bwawa lilibaki tope, na katikati ya tope kidimbwi cha ukubwa wa sufuria. Mtoto wa mwisho wa Kalunde aliitwa Shija. Adhuhuri moja Shija alishindwa kuvumilia kiu, akakimbilia kidimbwi kile. Hakufika. Alizama mpaka kifuani, kila akijaribu kujinasua anazidi kushuka. Kalunde akapiga kelele. Baraza lilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na mkonga wa Ndovu ungeweza kumvuta mtoto kama mtu anavyong'oa kitunguu. Lakini barazani palizuka swali, tope lile ni la enzi ya nani. Walipokuwa wanaulizana, Kalunde aliingia mwenyewe kwa tumbo, akamshika mwanawe shingoni kwa meno, akamvuta mpaka ukingoni. Alipomlaza juu ya nyasi, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Ndovu alikuja kumtazama. Akawageukia wanyama akasema kwa sauti nzito, tazameni tuta la Punda limefanya nini. Punda naye akaja, akainama, akainuka, akasema tazameni tope la Ndovu limefanya nini. Wa jani wakalia upande wao. Wa ua wakalia upande wao. Hakuna aliyemuuliza Kalunde mtoto alikuwa anaitwa nani.

Akambeba. Alipanda naye kilima kilicho juu ya bwawa, akitafuta udongo laini wa kumzikia, kwa kuwa kule chini ardhi ilikuwa imekuwa chuma. Karibu na kilele aliona matete mabichi. Matete mabichi katika kiangazi kama kile! Akamweka mwanawe chini, akapenya taratibu, akachungulia.

Palikuwa na chemchemi. Maji yake yalikuwa meupe, yamejaa mpaka mdomoni, na pembeni yake, bega kwa bega, walikuwa Ndovu na Punda wakinywa. Gubu, gubu, gubu. Walikuwa wanakunywa kama watu wa nyumba moja.

Ndovu alimwomba Punda kesho apunguze kidogo sauti, sikio lake la kushoto linamuuma. Punda akacheka.

"Nawe leo uliniweza, Mzee," akasema, "pale ulipoanza na habari ya yule mtoto."

"Usingeniwahi," Ndovu akajibu, akanywa tena.

Kalunde alirudi kinyumenyume. Hakutikisa hata tete moja. Alimzika Shija upande wa pili wa kilima, akausawazisha udongo kwa viganja, akakaa. Mkia wake ulikuwa umesimama kama mwiba, na ulibaki hivyo mpaka jua lilipogeuka. Alitaka kurukia shingo ya mmoja wao, hata kama angekanyagwa. Kisha akawakumbuka watatu waliobaki nyumbani, na ndimi zao zilizopasuka. Akafikiri. Hawa hawatabeba udongo kwa ajili ya maji, kwa sababu wao maji wanayo. Hawatabeba kwa ajili ya mtoto wa mtu. Watabeba kwa ajili ya nini? Alipolipata jibu alisimama.

Asubuhi alikwenda kwa Ndovu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepoa?"

"Nimepoa. Nimekuja na jambo. Nimezipata nyayo za Punda."

Masikio ya Ndovu yakafunguka. Kalunde akamweleza kwamba mvua za mwaka ule zilizifukia nyayo zote ardhini, na zimekauka huko chini kama vyungu. Nyayo za aliyebomoa tuta zinaanzia bwawani na kupanda moja kwa moja kilimani. Anayetaka kumwonyesha Punda kwa watu achimbe mfereji kufuata mstari huo, wa kina cha magoti yake mwenyewe. Na udongo usitupwe ovyo, maana nao ni ushahidi. Ulundikwe pale pale tuta lilipopasuka, watu wauone.

Ndovu aliposikia neno kilimani alisita. Akauliza kwa nini anamletea yeye habari hii.

"Mwanangu amekufa," Kalunde akasema. "Nataka mwenye kosa ajulikane." Hilo halikuwa uongo. Kisha akaongeza, kama mtu anayepita njia, kwamba Punda naye kesho anaanza kuchimba kutoka juu.

Ndovu hakusubiri kesho.

Kalunde akaenda kwa Punda. Shikamoo, marahaba, pole, nimeshapoa. Nimezipata nyayo za Ndovu. Zinaanzia hatua tatu chini ya matete na kushuka moja kwa moja mpaka bwawani. Na Ndovu ameshaanza, msikilize.

Punda akasikiliza. Kutoka bondeni ilisikika, kwa, kwa, kwa, pembe zikipasua ardhi. Punda akatoka mbio.

Wakachimba. Ndovu alichimba akipanda, Punda alichimba akishuka. Ndovu kwa pembe, Punda kwa kwato. Kila Ndovu alipokosa unyayo alisema Punda ameufuta. Kila Punda alipokosa unyayo alisema Ndovu ameukanyaga. Wa jani jekundu walibeba udongo wa Ndovu na kuulundika upande wa kulia wa ufa. Wa ua la buluu walibeba udongo wa Punda na kuulundika upande wa kushoto. Wa jani wakaona lundo la wa ua linawazidi, wakalipanda na kulikanyaga, puu, puu, puu. Wa ua wakalipanda la wa jani, puu, puu, puu. Kiboko wa jani alilala juu ya ushahidi wa wapinzani wake siku nzima kwa hasira tu. Malundo yale mawili yakakutana juu ya ufa, yakashikana, yakawa kitu kimoja kigumu, na hakuna hata mmoja aliyetazama alichokuwa anakijenga.

Kalunde alikaa juu ya jiwe na wanawe watatu, akawapa umande wa kulamba, akangoja. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu mtoto wa kati hakuweza tena kuinua kichwa, na Kalunde akaanza kuogopa kwamba ujanja wake utafika wakati hakuna wa kunywa.

Siku ya nne wachimbaji walikutana uso kwa uso katikati ya kilima. Nyayo hakuna. Ndovu alimkodolea Punda macho, Punda akamwonyesha Ndovu meno, na wanyama wote wakapanda juu kushuhudia. Kila mmoja alidai mwenzake ameiba ushahidi. Ndipo Kalunde alipoteremka kwenye jiwe lake.

"Zimebaki hatua tatu hazijachimbwa," alisema. "Pale juu, kwenye matete."

Ndovu na Punda walitazamana. Walijua kilichokuwa nyuma ya matete. Pengine kama kila mmoja angemwamini mwenzake kwa muda wa kupepesa jicho, wangegeuka wakaenda zao. Lakini Ndovu aliona Punda ananyanyua mguu, na Punda aliona Ndovu anainamisha pembe. Wakapanda wote kwa pamoja, wakisukumana mferejini, bega kwa bega, wakaupiga ule ukingo wa hatua tatu kwa kishindo kimoja.

Ukingo ukaachia.

Maji yakatoka mbwaaa, yakampindua Punda, yakamkalisha Ndovu matakoni, yakaingia mferejini, gugugugu, yakashuka kilima chote bila kupotea njia. Yakafika bwawani. Yakalipiga tuta. Tuta likanguruma, likasimama. Maji yakaanza kupanda.

Wanyama walishuka mbio wakanywa, wa jani na wa ua wakichanganyika, hata majani na maua yakaelea juu ya maji. Kalunde alimbeba mtoto wa kati kwa meno, akamchovya mdomo. Mtoto alikohoa, akalamba, akalamba tena.

Ndovu na Punda walishuka baadaye, wameloa tope mpaka kwenye kope. Chemchemi yao ilikuwa imekuwa ya kila mtu. Wakaitisha baraza, na siku hiyo walisema neno moja. Wakasema nguchiro huyu ni mwongo, amewadanganya wakubwa wa nchi, hapakuwa na unyayo wowote, na afukuzwe kabla ya jua kuzama.

Kalunde akasimama ukingoni, mkia juu.

"Kweli nimedanganya," alisema. "Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Siku zote mlikuwa mnatafuta wa kulaumiwa, basi nilaumuni mimi. Semeni maji haya yamekuja kwa kosa langu. Na mtoto niliyemzika kule kilimani alikuwa anaitwa Shija. Lishikeni hilo jina."

Ndovu akaamuru ashikwe. Hakuna aliyeinua kichwa. Nyati alikuwa anakunywa. Pundamilia alikuwa anakunywa. Kisha swala mmoja mdogo, maji yakimdondoka kidevuni, akauliza kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Maji haya yalikuwa wapi muda wote huu? Na nani alikuwa anayanywa?"

Hapo vichwa vikainuka, kimoja baada ya kingine.

Ndovu akanyoosha mkonga, akasema ni Punda. Punda akanyoosha shingo, akasema ni Ndovu.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika nchi ile, wanyama wote waliwaamini wote wawili.

Wakawatoa. Kwa pembe na kwa kwato na kwa meno wakawasukuma mpaka mpakani, na huko mpakani, mpaka leo, wasafiri husikia mmoja akimlaumu mwenzake kwa kufukuzwa kwao.

Mnauliza mafunzo? Yapo. Ngano hii inatufunza kuwaheshimu wakubwa wetu, kutogusa ushahidi, na kutosema uongo. Mwoneni nguchiro, alisema uongo, na lililompata mmelisikia, alikunywa maji.

Naitua hapa. Kama mmeiona tamu, niliyeisimulia ni mimi. Kama mmeiona chungu, mlaumuni aliyenisimulia.