Mlango wa Nta

Paukwa?

Pakawa.

Na anayeogopa?

Asogee motoni.

Anayetaka kubisha abishe sasa. Shule niliacha darasa la tano, mwalimu akidai sisikii, lakini kwa hadithi hapa hakuna wa kunifikia. Wewe mwenye kikoi, hamia kulia. Kushoto kwangu hakai mtu.

Hapo kale, kwenye misitu ya miyombo, aliishi mrina asali, Mihambo, na mkewe Nyamizi.

Huko watoto walifundishwa msituni. Ukikuta nyuki wadogo, wale wasiouma, wenye mlango wa nta mwembamba kama mrija, toboa mti kidogo. Chukua asali, waachie watoto wao, ziba kwa udongo, useme, “Nyumba ni yenu.”

Mihambo alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Akaangusha mti mzima wa mninga wenye nyuki hao, akakamua asali na watoto wa nyuki pamoja, akaacha shimo wazi. Siafu wakaingia.

Nyuki wakamzunguka kichwa.

“Mihambo, watoto wetu?”

Akalamba vidole.

“Mihambo, asali yetu?”

Akafunga kibuyu.

“Mihambo, nyumba yetu?”

“Hata mwiba hamna,” akacheka. “Mtanifanya nini?”

Njiani sikio lake la kushoto likaanza kuwasha.

Kesho yake akasahau njia ya kisimani. Keshokutwa akasahau jina la mama yake. Siku iliyofuata akamtazama Nyamizi, akamwuliza kwa adabu, “Dada, unamtafuta nani hapa?”

Nyamizi akamgeuza kichwa. Sikioni mlikuwa mmeota mrija wa nta. Nyuki mmoja akatoka amebeba kitu kidogo, akakidondosha chini, akarudi ndani.

“Jamani, mnafanya nini humo?”

“Tunafagia,” wakajibu kwa sauti nyembamba. “Nyumba mpya ina takataka nyingi. Jana tulitoa mama. Leo tumekutoa wewe. Kesho tunatoa pumzi.”

Nyamizi akasogeza mdomo sikioni. “Nikiwapa nyumba nyingine?”

“Aizibe yeye mwenyewe.”

Nyamizi akatafuta gogo lililoanguka lenyewe, akalichonga shimo, akaliweka begani kwa mumewe, karibu na sikio. Akampa udongo. Mihambo akautazama, akaupeleka mdomoni.

“Sio chakula, baba. Ziba.”

Nyamizi akaushika mkono wa mumewe, kama wa mtoto anayefunzwa. Nyuki wakatoka, wakatoka, wakatoka, wakaingia gogoni. Mkono wa Mihambo ukaziba shimo, ukaacha kijitundu cha kupitia.

“Nyumba ni yenu,” akasema. Kisha, “Nyamizi, mbona unalia?”

Basi, ukichukua cha msitu, waachie watoto na uzibe mlango. Asiye na mwiba ana njia yake ya kuingia.

Hadithi yangu nimeiziba kwa udongo. Atakayeitoboa aizibe.

Mbona hamwinuki?

Haya, kuna kipande nilikiruka. Nilisema nyuki walitoka. Sikusema wote. Mihambo ni babu yangu, na yule aliyebaki hakuzikwa naye. Alihamia kwa baba, na baba alipokufa akatafuta pengine.

Aliyekuwa anabisha ni nani? Wewe mwenye kikoi? Sogea sasa, upande huu wa kushoto. Weka sikio lako hapa kwenye langu.

Polepole. Anafagia.